Mbuzi Aliyelamba Kuta

Siku niliyoolewa nilitoka kwa baba yangu, kule Mpimbwe, na sanduku la bati, mikeka, sufuria tatu na mbuzi mmoja. Sanduku liliota kutu, mikeka ikachakaa, sufuria zikatoboka moja baada ya nyingine. Mbuzi ndiye sijamsahau mpaka leo, kwa sababu nusura anirudishe kwetu kabla sijajua hata njia ya kisimani kwa wakwe zangu.

Kwetu ilikuwa desturi binti akiolewa baba yake humpa mbuzi jike kutoka zizini mwake. Huyo si wa mume wala si wa wakwe. Ni wa mwanamke mwenyewe, azae, aongezeke, ili siku mambo yakiwa magumu asiende kumpigia mtu magoti kwa ajili ya kipande cha sabuni. Baba yangu hakuwa mtu wa kutoa kitu haraka. Hata kuku wa mgeni alimfikiria kwanza mpaka mgeni akaanza kuaga. Lakini mbuzi wangu alimchagua upesi ajabu. Aliingia zizini, akamshika wa kwanza, mweusi mwenye mguu mmoja mweupe, akanikabidhi kamba na kusema nimtunze vizuri. Nililia kwa mapenzi aliyonionyesha. Ningejua, ningelia kwa sababu nyingine.

Nilikuwa sijakaa na mbuzi huyo hata kidogo. Mwaka ule kati ya kuletwa kwa mahari na kufungwa kwa ndoa nilikuwa Mpanda mjini, Majengo, kwa shangazi yangu aliyejifungua mapacha, nikiwabeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Nilirudi nyumbani siku chache kabla ya harusi, nikafundwa, nikapambwa, nikapewa kamba yenye mbuzi upande wa pili.

Wakwe zangu walikaa kijiji cha barabarani, si mbali na Sitalike. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu wa vitongoji vya mbali waliletwa hapo kwa malori, na wenyeji nao wakaambiwa wasogeze nyumba zao zikae kwenye mstari. Wakwe zangu walikuwa wenyeji. Walijenga nyumba mpya kwenye mstari, lakini zizi lao la zamani lilibaki nyuma kule kule, chini ya kichuguu, kwa sababu hakuna kiongozi aliyefikiria kuwapanga mbuzi.

Kuta za nyumba zile mpya zilikandikwa udongo uliochimbwa bondeni, upande wa mbuga, mahali ambapo nyati na tembo huja kula ardhi kama watu wanavyokula ugali. Wanaume walifurahi kwamba udongo ule unashika vizuri. Hakuna aliyejiuliza nyati walikuwa wanafuata nini pale.

Mbuzi wangu alijua siku ile ile tuliyofika. Kabla sijavuliwa kitambaa cha kichwani alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba ya mama mkwe, amefumba macho, analamba ukuta. Wageni wakacheka. Nikacheka nami kidogo, kwa adabu. Kesho yake alilamba nyumba ya pili, kisha ya tatu, akafuata mstari kama mjumbe anayehesabu watu wake, hakuruka hata nyumba ya mjumbe mwenyewe. Alilamba mpini wa jembe pale mkono unaposhika. Alilamba usukani wa baiskeli ya mume wangu mpaka ukang'aa. Mzee akikaa kivulini bila shati, alikuja taratibu kwa nyuma na kumlamba mgongo. Wapo waliomfukuza, na wapo, sitawataja, waliokaa kimya wakaacha walambwe.

Mama mkwe wangu hakuwa na sehemu ya kicheko katika jambo hilo. Alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi, mwimbaji wa kanisani, mwenye sauti iliyofika kwa Mungu kabla ya za wenzake. Ua wake ulifagiliwa mpaka kuku walipita pembeni. Kona ya nyumba yake sasa ilikuwa na shimo ambalo mtoto angeweza kuficha kichwa, na kila asubuhi alilikandika upya, na kila jioni mbuzi wangu alishukuru kwa chakula kipya. Mama mkwe hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya. Yeye alisema na ukuta. Alikuwa akipaka udongo na kuuambia ukuta kwamba mbuzi hufuata nyumba alikozaliwa, kwamba ukitaka kujua watu wanavyokula kwao tazama mifugo yao, na kwamba wako mbuzi wa watu humu humu zizini ambao hawajawahi kulamba hata kivuli. Mimi nilikuwa hatua chache nikichambua mchele. Nilikuwa nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, ili mikono yangu iwe na kazi isiyo ya kurusha ungo.

Hasira nilikuwa nazo, sikatai. Lakini nilikuwa na hofu kubwa kuliko hasira. Nilikuwa nimeshika mimba, changa bado, na mimba ile ilikuwa inataka udongo. Si udongo wowote. Ilitaka ule ule wa ukutani. Mchana watu wakienda shamba nilisimama nyuma ya jiko, nikabandua kipande kidogo kwa ukucha, nikakiweka ulimini, na macho yangu yakafumba yenyewe. Siku moja nilifumbua macho nikamwona mbuzi wangu yuko upande wa pili wa kona ya jiko, naye amefumba yake. Tulitazamana. Sijawahi kuona aibu mbele ya mnyama kama siku ile. Nikajua mama mkwe akinikuta hataongea na ukuta tena. Atasema kwetu ni hivyo hivyo, mbuzi na binti, na hakutakuwa na mtu wa kumbishia.

Mambo yakaharibika siku ya wageni. Wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kula, na chumvi wakati ule ilikuwa adimu. Duka la ushirika lilifungua milango likiwa na viberiti na panga tu. Mama mkwe alikuwa na chumvi yake kidogo, ameifunga kwenye kitambaa ndani ya chungu, na chungu kiko juu ya uchaga jikoni. Aliiweka kwa ajili ya siku hiyo. Alipochinja jogoo na kubandika maharage akaenda kuichukua, akakuta chungu chini, vigae, na mbuzi wangu anatafuna kitambaa kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kula na sasa anatafuta kijiti cha meno.

Wazee walikula jogoo bila chumvi. Walimsifu mpishi kwa ile sauti ya pole ambayo watu huitumia msibani. Mmoja alimuuliza mama mkwe kama yuko salama kiafya. Mama mkwe alijibu kuwa ni mzima, akatabasamu mpaka mgeni wa mwisho alipopotea barabarani, kisha akaingia ndani na kumwambia mume wangu, nami nikisikia, kwamba Jumapili baada ya misa ampakie yule mbuzi kwenye baiskeli amrudishe Mpimbwe.

Asiye wa kwetu anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Mbuzi wa bi harusi harudishwi. Kumrudisha ni kumwambia baba wa binti kwamba tulichopokea kwako hakifai, na hasemi mtu ni kipi hasa. Nilimjua dada mmoja kijijini kwetu ambaye mbuzi wake alirudishwa kabla ya masika, na mavuno yalimkuta na yeye amerudi. Mume wangu alilijua hilo. Alikuwa mtu mpole, hodari kwa jembe, lakini mbele ya mama yake ulimi wake ulikuwa unalala. Alichofanya ni kwenda kutazama baiskeli na kusema tairi la nyuma lina upepo mdogo. Nilimpenda kwa hilo tairi.

Aliyetuokoa kwa muda alikuwa baba mkwe. Mzee huyo alikuwa mkimya, mwenye kofia ya pamba aliyoivua kanisani tu na mbele ya mambo yaliyomfurahisha sana. Alisema bwana mifugo anapita wiki hiyo na dawa za minyoo, basi amtazame mbuzi kwanza, asije akarudishwa akiwa mgonjwa tukaonekana sisi ndio tuliomharibu. Mama mkwe alikubali upesi. Aliona ni vizuri serikali nayo iandike kwamba mbuzi ni mbaya.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, kijana mwenye kaptula na soksi ndefu. Akasikiliza kesi yote, ya kuta, ya usukani, ya chungu. Akamfungua mbuzi mdomo, akamtazama ulimi, na nakwambia mama mkwe aliinama naye kuutazama kana kwamba jina la baba yangu lingekuwa limeandikwa pale. Bwana mifugo akasema ulimi ni mzuri. Akatoa kwenye mfuko wa pikipiki jiwe la chumvi, jekundu, kubwa kama tofali, akasema litundikwe kwenye nguzo ya zizi na mbuzi wote walilambe, wa bi harusi na wa mama. Akasema akitoka Kasekese, alikokuwa anakwenda, atapita tena kutazama.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Mbuzi wa mama mkwe, wale ambao hawajawahi kulamba kivuli, walipandana migongoni kulifikia jiwe. Madume yalipigana. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa zizi ameshika kiuno, akisema wanashangaa tu, hawajawahi kuona jiwe jekundu. Lakini kadiri siku zilivyokwenda ghasia ilipungua. Mmoja baada ya mwingine walikuja, wakalamba mara moja mbili, wakaenda zao kwenye majani. Wiki ilipoisha walibaki wawili tu ambao hawakuondoka. Mmoja alikuwa wangu. Wa pili alikuwa mbuzi mkongwe wa mama mkwe, jike nene lenye ndevu, ambalo alilipenda kiasi cha kuliita Bibi na kulipa maganda ya viazi kwa mkono wake. Walisimama bega kwa bega, huyu analamba huku, huyu analamba kule. Mama mkwe akatuambia Bibi anapumzika kivulini. Pale kwenye nguzo hapakuwa na kivuli tangu zizi lijengwe.

Bwana mifugo alirudi, akakaa kwenye kigoda, akaletewa uji. Tulikuwa wote uani. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka, nimegeuza uso pembeni kwa heshima ya baba mkwe, lakini masikio nimeyaelekeza kwa mgeni yote mawili. Bwana mifugo alieleza kwamba kuna kulamba kwa njaa na kuna kulamba kwa kuzaliwa. Mbuzi hawa wote mwili ulikuwa umepungukiwa chumvi, ndiyo maana siku ya kwanza waligombana, na sasa wameshiba wameacha. Wale wawili wameshiba vilevile, ila hawawezi kuacha, kwa sababu wamezaliwa na ulimi wa namna hiyo. Ni kitu cha damu, akasema, hupita kwa mama na baba kama rangi ya manyoya na urefu wa pembe. Kama vile mtu anayetia vijiko vingi vya sukari kwenye chai, ukiulizia utaambiwa na baba yake alikuwa hivyo. Hapo mama mkwe alilisogeza kidogo kopo lake la sukari.

Mama mkwe akasema ndicho alichokuwa anakisema siku zote, ni damu, ni damu ya huko walikotoka. Bwana mifugo akaitikia kwamba hasa, na ndiyo maana anapenda kujua huko ni wapi. Huyu mdogo mama yake ni yupi?

Mama mkwe akasema aulizwe mwenye mbuzi.

Sikuwa na hila yoyote, nataka nieleweke. Nilikuwa bi harusi mwenye hofu aliyeulizwa swali na mtu wa serikali. Nikajibu nilichoambiwa na ndugu zangu siku ya kuondoka, kwamba ni mtoto wa mbuzi mmoja wa mahari.

"Mahari ya nani?" akauliza bwana mifugo.

"Yangu."

"Walioitoa ni akina nani?"

Hapo nilinyanyua macho nikawatazama wakwe zangu, nikayashusha. Nilisikia kijiko cha bwana mifugo kikigusa bakuli. Kisha mama mkwe, ambaye kwa muda wote niliomjua hakuwahi kuongea kwa sauti ndogo hivyo, akaniuliza, "Yule wa sikio lililopasuka?"

"Ndiye, mama."

Baba mkwe alivua kofia. Akaiweka gotini, akaitazama, mabega yakaanza kutikisika. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikawa kicheko, na kicheko cha mtu mkimya kikianza hakina breki. Ilibidi tusubiri. Alipopata pumzi akamwambia bwana mifugo kwamba yule wa sikio lililopasuka alizaliwa zizini humo, na mama yake ni yule Bibi mwenye ndevu. Huyo wa sikio alimtafunia mzee mkanda wa ngozi wa redio, akamaliza, akarudi kulamba redio. Basi siku ya kuchagua mbuzi wa mahari mke wake alikuja kumshauri kwamba watu wa Mpimbwe wapewe huyo.

"Uliniambia ana mwili mzuri wa kizazi," baba mkwe akamwambia mkewe, akifuta macho kwa kofia. "Na kweli amezaa."

Bwana mifugo, ambaye hakujua amekaa juu ya nini, alihesabu kwa vidole kwa moyo mweupe kabisa na kutangaza kwamba basi mbuzi wa bi harusi ni mjukuu wa Bibi, na ni mbuzi wa nyumba hii.

Ndipo nami nikaelewa haraka ya baba yangu zizini. Mwaka mzima alikuwa amelambiwa nyumba na mbuzi wa mahari, na alipoona mtoto wake anaufuata mkondo wa mama akashukuru Mungu kwamba ana binti wa kuoza. Nyumba mbili za watu wa heshima, wabatizwa, zilikuwa zimetupiana ulimi mmoja kutoka upande huu wa mbuga hadi upande ule, kwa ngoma, kwa vigelegele na kwa baraka za padri. Mkuki kwa nguruwe. Nilibana midomo mpaka ikauma.

Mama mkwe hakusema samahani, wala sikuitegemea. Alinyanyuka, akachukua bakuli la bwana mifugo ambalo lilikuwa bado lina uji, akaingia nalo ndani. Jioni alimwambia mume wangu aiondoe ile kamba ya kumfungia mbuzi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, itaoza. Jumapili tulikwenda misa kwa miguu, na hakuna aliyebeba mbuzi. Kona ya nyumba aliendelea kuikandika, lakini ukuta sasa hakuuambia kitu.

Ningeweza kupumua, isipokuwa kwa lile langu. Mbuzi alikuwa amepata ukoo wa kumtetea. Mimi sikuwa na Bibi zizini. Mimba ilikuwa inakua na hamu inakua nayo, na nyuma ya jiko palikuwa pameanza kubonyea kwenye kimo ambacho mbuzi hafiki. Nilijiambia naacha kesho. Nilijiambia hivyo nikiwa natafuna.

Akanikuta mchana mmoja, jua kali, wengine wote wako shamba. Alikuja kuchukua chungu kilichosahauliwa. Sikusikia hatua zake. Niligeuka nikiwa na kipande mkononi na vumbi mdomoni, na hakuna uongo duniani ambao ungenitosha. Nilipiga magoti hapo hapo. Nilianza kulia kabla hajasema, ili tuokoe muda.

Aliutazama ukuta, akapitisha kidole kwenye lile bonde nililolichimba. Akanitazama tumbo.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia tangu mwezi wa kwanza wa mimba.

"Na unakula huu wa jiko?"

"Ndiyo, mama."

Alinusa kidole chake, akakunja uso.

"Huu una masizi," akasema. "Amka."

Nikadhani tunakwenda kukusanya vitu vyangu. Akanishika mkono, tukapita nyumba, tukapita shimo la takataka, mpaka nyuma ya zizi la zamani, kwenye kichuguu. Ubavu mmoja wa kichuguu ulikuwa umeliwa ukaingia ndani, laini, mweupe kidogo, na juu yake palikuwa na alama za zamani ambazo si za meno ya mbuzi. Zilikuwa za kucha. Akasema mimba ya mume wangu aliimalizia hapo, na dada zake wote waliomfuata, na kwamba mama mkwe wake yeye alifariki bila kujua.

"Usilie," akasema. "Si wewe unayeutaka. Ni huyo aliye tumboni. Huyo ni wa kwetu."

Bibi na mjukuu wake walikuwa wameshatutangulia. Mama mkwe akawasukuma kwa goti, akabandua bonge, akalipuliza vumbi, akalivunja vipande viwili. Kikubwa akanipa mimi.